Kwilti ya leso kuukuu: mwongozo kamili kuanzia beseni la kufulia mpaka ukutani

Maswali ya wanaoshona kwilti ya leso (kanga), yaani tandiko la tabaka tatu, uso wa viraka, blanketi katikati na bitana nyuma, zilizoshonwa pamoja, ni yale yale kila siku. Mbona kona za viraka hazikutani? Mbona nimefua mara moja tu na nyekundu imeingia kwenye nyeupe? Mbona nimeitundika sebuleni vizuri kabisa na baada ya mwezi imetoa tumbo katikati? Na karibu kila mtu analaumu cherehani, au anajilaumu mwenyewe ati hana mkono wa kushona.

Mimi nasema si cherehani na wala si mkono. Kwilti nyingi zinaharibika kabla sindano haijatiwa uzi, kwenye kufua, kwenye pasi na kwenye kukata, halafu zile zilizonusurika zinamalizwa na ukuta. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye sehemu hizo. Kushona kwenyewe utaona ni mistari iliyonyooka tu, hata mtu wa cherehani ya miguu ambaye hajawahi kushona zaidi ya foronya ataiweza.

Tunatengeneza kwilti moja ya viraka vya mraba, 6 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 42, ikimalizika itakuwa kama sentimita 92 kwa 107. Ukubwa huu ni wa ukuta, au wa kumfunika mtoto mchanga, na ni mdogo kiasi cha kutokukatisha tamaa. Ya kitanda kizima tuiache kwanza, ukishaimaliza hii utajua mwenyewe namna ya kuikuza.

## Vitu unavyohitaji

Kusanya vyote kabla hujaanza, manake ukikatiza katikati kwenda dukani kutafuta uzi ndio rangi hupati tena.

- Leso mbili kuukuu za uso wa kwilti, moja ya rangi nzito na moja ya rangi nyepesi. Nzima moja ina kama sentimita 150 kwa 110 na inatoa viraka vingi, lakini kwa vile kuukuu huwa zimechakaa mahali, ukiwa na tatu au nne ndogo ndogo ni salama zaidi.
- Leso moja nzima, au shuka la pamba la mtumba, kwa bitana ya nyuma.
- Kitambaa cha mkanda wa ukingoni na cha mfuko wa kijiti. Leso moja zaidi inatosha vyote viwili.
- Blanketi jepesi la kuweka katikati, angalau sentimita 102 kwa 117. La mtumba lililokwisha kufuliwa mara nyingi ndilo bora.
- Uzi mzuri. Uvute kwa mikono miwili pale pale dukani, ukikatika kirahisi usinunue hata kama muuzaji atakupunguzia.
- Sindano za cherehani namba 11 za kuunga viraka na namba 14 za kupita tabaka zote tatu, na sindano za mkono.
- Mkasi wa vitambaa peke yake (usikatie karatasi), rula ndefu, futi ya fundi, pini, wembe wa kufumulia.
- Kastabini ya kidole kama utashona kwa mkono.
- Chaki ya fundi, au kipande chembamba cha sabuni kilichokauka, kinachora vizuri na kinatoka kwenye maji.
- Kigezo cha mraba wa sentimita 17 kwa 17.
- Pasi. Ya stima au ya makaa, zote sawa.

Kuhusu cha katikati: watu wengi huku pwani wanafikiria sufi kwa sababu mito yetu tumeijaza sufi toka zamani. Kwenye kwilti usitie. Sufi inajikusanya madonge pembeni, na ukishaifua basi tena. Blanketi limeshikana lenyewe, haliendi popote.

## Hatua ya 1: Chagua leso, zijue, halafu zifue

Ishike leso mbele ya mlango, mwanga ukiwa nyuma yake. Pale mwanga unapopenya wazi pamekwisha, usipakate hata kama ua lake ni zuri, kiraka kimoja kilichochoka kitachanika na kukulazimu ufumue vinne vilivyokizunguka. Mara nyingi katikati, kwenye mji, ndipo panachakaa kwanza, pindo bado lina nguvu.

Halafu ujue ni pamba au polista. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibanio, ziwashe juu ya sinki. Pamba inaungua inakuwa jivu laini na harufu ya karatasi. Polista inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Usichanganye hizi mbili kwenye uso mmoja, pamba inaruka kidogo (inajikaza na kupungua) ikifuliwa na polista hairuki, na pasi inayoinyoosha pamba inaweza kuiunguza polista. Vikoi pia viweke kando kwa leo, ni vizito kuliko leso na ukingo wake unafumuka haraka, kiraka cha kikoi kitavuta vile vya leso vilivyo jirani.

Sasa fua. Kila leso peke yake, na bitana, na kitambaa cha mkanda, na blanketi pia, hata kama ni mpya. Sababu ni mbili. Moja ni kuruka, ukishona kabla ya kufua kila kitambaa kitaruka kwa kiasi chake na kwilti itajikunja yote. Ya pili ni kuchuja rangi, na nyekundu na nyeusi za leso ndizo sugu.

Usitegemee chumvi wala siki kushika rangi. Tumeambiwa hivyo na mama zetu wote, lakini rangi ya leso ya dukani haishikwi na siki. Kinachofanya kazi ni kufua na kusuuza tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Kisha jaribu: lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya leso, kandamiza na pasi ya moto. Kikibaki cheupe, umepita. Kikitoka na rangi, rudi beseni. Na leso isiyoacha kuchuja hata baada ya kurudi mara nyingi, ibaki leso.

Kitu kimoja cha huku kwetu: maji ya kisima mengi yana chumvi. Ukimalizia kusuuza kwa maji hayo chumvi inabaki kwenye nyuzi, kitambaa kinavuta unyevu na kuota ukungu kikishatundikwa. Maji ya mwisho yawe ya mvua au matamu ya bomba. Anika kivulini.

Utajua umefaulu leso ikiwa laini, haina ule ugumu wa wanga wa dukani, na kitambaa cheupe hakijachukua rangi.

## Jina la leso: lisome kabla hujalikata

Hili si la ufundi lakini ni muhimu. Leso ina jina, na jina lina maneno. Lisome. Leso nyingine ni za mafumbo, zimenunuliwa zimpelekee ujumbe jirani au mke mwenza, na ukitundika maneno hayo kwenye chumba cha wageni kila anayeingia atadhani anaambiwa yeye. Ya heri kama "Mgeni njoo mwenyeji apone" unaweza kuyatoa mazima, kata ule ukanda wa maandishi na ushone kwenye bitana chini nyuma, au mbele chini ya safu ya mwisho kama unataka yasomeke.

Na kama jina limetaja Mungu au ni dua, lisiende kwenye kwilti ya kukaliwa au ya kufunika miguu. Liwe juu ukutani, au ulikate uliweke pahali pa heshima. Na leso ya marehemu, uliza ndugu kwanza kabla hujatia mkasi, hata kama umeachiwa wewe. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na wengine wanataka ibaki nzima.

## Hatua ya 2: Pasi na kukata (hapa ndipo wengi wanapopotea)

Piga pasi kila leso ikiwa na unyevu kidogo. Kwa pasi ya makaa, kung'uta majivu nje kwanza na ujaribu juu ya kitambaa kibovu, chembe moja ya kaa inatosha kutoboa.

Sasa sikiliza vizuri. Maua ya leso mara nyingi hayakuchapwa sawa na nyuzi zake. Pindo linaonekana limenyooka lakini ukiangalia uzi kwa uzi limekwenda upande. Ukikata kwa kufuata ua, mraba wako utakuwa umekatwa kwa mshazari wa nyuzi, na kitambaa cha mshazari kinavutika. Unakipima kina 17, unakishona, unakivuta kidogo tu chini ya cherehani na kimekuwa 17 na nusu upande mmoja. Hapo ndipo kona zinapoanza kukosana na wewe unalaumu mashine.

Kwa hiyo tafuta uzi. Chanja ukingo kidogo na mkasi halafu pasua kwa mikono, leso ya pamba inapasuka kwa kufuata uzi ulionyooka. Ule mstari uliopasuka ndio msingi wako, pimia kila kitu kutoka hapo. Ua likikaa upande kidogo ndani ya kiraka hakuna atakayeona, lakini kiraka kilichovutika kila mtu ataona.

Kigezo kisiwe cha kadibodi kama unaweza kuepuka. Ukikizungushia chaki mara ishirini kingo zake zinalika na kiraka cha mwisho kinakuwa kidogo kuliko cha kwanza. Filamu ya eksirei ya zamani inafaa sana, au mfuniko wa ndoo ya plastiki uliokatwa. Kikague kona kwa kona: mraba wa 17 una sentimita 24 kutoka kona moja hadi ya pili inayoitazama, na lazima zote mbili zilingane. Zikipishana, hicho si mraba.

Chora, kata taratibu ndani ya mstari, viraka 21 vizito na 21 vyepesi. Usikate tabaka nne kwa pamoja ili umalize haraka, lile la chini huwa linateleza.

Utajua umefaulu ukivipanga viraka vyote rundo moja na kingo zikakaa sawa pande zote nne.

## Hatua ya 3: Panga sakafuni

Vitandaze vyote, kizito chepesi kizito chepesi, safu ya pili ianze na kinyume. Piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe. Ukiona kiraka "chepesi" kimezama kati ya vizito, kibadilishe. Jicho linadanganywa na wekundu na manjano, picha hiyo haidanganywi.

Andika namba ya safu kwa chaki nyuma ya kiraka cha kwanza cha kila safu. Funga mlango pia, upepo wa kusi ukiingia hapo kazi yote imeruka, na paka wa Lamu mnawajua.

## Hatua ya 4: Unga viraka

Mshono wote ni sentimita 1 kutoka ukingoni. Si "kama sentimita". Moja. Bandika kipande cha tepu juu ya bati la cherehani sentimita 1 kutoka sindano ilipo, na ukingo wa kitambaa upite ukigusa tepu hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Hesabu yake ni hii. Ukizidisha milimita 1 tu, mshono unakula milimita 2 kwa sababu una pande mbili. Safu ina mishono 5, hiyo ni sentimita 1 nzima imepotea. Safu ya pili ukashona kwa usahihi, basi safu mbili zimepishana kwa sentimita nzima na hakuna pini itakayozikutanisha.

Kwa hiyo kabla ya yote, unga viraka vitatu vya majaribio, vipige pasi, pima cha katikati. Kiwe na 15 kamili kutoka mshono hadi mshono. Kikiwa 14 na nusu, sogeza tepu karibu na sindano. Kikiwa 15 na robo, isogeze mbali na sindano. Usiendelee mpaka upate 15.

Baada ya hapo ni rahisi:

1. Weka viraka viwili nje kwa nje, shona ukingo mmoja, sindano namba 11. Usivute kitambaa, wacha meno ya cherehani yakipeleke yenyewe, kazi yako ni kukielekeza tu.
2. Endelea mpaka safu ya viraka 6 imekamilika. Fanya safu zote 7.
3. Piga pasi mishono ya safu ya kwanza ilale kulia, ya pili ilale kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo. Gandamiza pasi na kuinyanyua, usiiburute, kuburuta kunavuta viraka.
4. Unga safu kwa safu. Kwa vile mishono imelala pande tofauti, pale kona zinapokutana utaisikia kwa kidole inaumana na kukaa pahali pake. Tia pini hapo hapo kwenye kila kona kabla ya kushona.

Ukikuta kona moja imekosa kwa milimita 2 iache. Ikikosa kwa nusu sentimita fumua sentimita chache pale tu, usifumue safu nzima.

Utajua umefaulu uso ukitandazwa chini ukalala bila kufura, una 92 kwa 107, na futi kutoka kona hadi kona inatoa kama 141 pande zote mbili.

## Hatua ya 5: Tabaka tatu na bandi

Tafuta sakafu safi na laini. Si juu ya mkeka, sindano itakuwa inashika ukindu.

Bitana chini, nje yake ikitazama sakafu, ikatwe 102 kwa 117 ili izidi uso sentimita 5 kila upande. Ibandike tepu pembeni, inyooke bila kuvutwa. Juu yake blanketi, ipapase kutoka katikati kwenda nje. Mwisho uso wa viraka.

Sasa piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, mistari iachane kama sentimita 10, kutoka katikati kwenda nje. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu ni uzi utakaotolewa baadaye. Ukiiruka tabaka zitahama wakati wa kushona na bitana itatoka na mikunjo iliyoshonewa ndani, na hiyo haina dawa ila kufumua yote.

## Hatua ya 6: Kushona kwilti yenyewe

Mishono hii ndiyo inayozishika tabaka tatu ziwe kitu kimoja.

Kwa mkono: shona mistari inayofuata miungano ya viraka, sentimita 1 pembeni yake, mishono ya milimita 5 hivi iliyolingana. Uzi usizidi sentimita 50, mrefu unajifunga mafundo. Lile fundo la mwanzo livute kidogo lizame ndani ya blanketi lisionekane nyuma. Anza katikati ya kwilti. Wanaoshona kofia za mkono hapa Lamu wataona hii ni kazi ya kawaida kabisa, mkono wao umeshazoea kulinganisha mishono midogo kuliko hii, na ningependa niwaone wengi zaidi wakiingia kwenye kwilti.

Kwa cherehani: sindano namba 14, urefu wa mshono milimita 3 mpaka 3 na nusu, na ulegeze ule mgandamizo wa mguu kama yako inaruhusu, kwa sababu mguu unasukuma tabaka la juu mbele na kuacha la chini nyuma. Kunja kwilti pande zote mbili iingie chini ya mkono wa cherehani, anza mstari wa katikati, kisha nenda kulia yote, geuza, upande wa pili. Usiiache ining'inie mezani kwa uzito wake, weka kiti pembeni ikae juu yake.

Geuza uangalie nyuma kila baada ya mstari. Mkunjo ukiuona mapema ni mstari mmoja wa kufumua.

Ukimaliza toa bandi, halafu punguza blanketi na bitana zilingane na uso, kwa rula, kona ziwe za mraba.

## Hatua ya 7: Mkanda wa ukingoni

Kata mikanda 4 ya upana wa sentimita 7 kwa urefu wote wa leso, iunge ncha kwa ncha. Unahitaji kama sentimita 440 kuzunguka kwilti pamoja na kona, mikanda minne inakupa ziada ya kutosha. Ikunje katikati kwa urefu, pasi, sasa ina 3 na nusu.

Weka upande uliofunguka wa mkanda sawa na ukingo wa kwilti, mbele, anzia katikati ya ubavu na sio konani, na uache kipande cha kama sentimita 15 hakijashonwa mwanzoni. Shona sentimita 1 ndani. Ukifika sentimita 1 kabla ya kona simama, kata uzi, kunja mkanda juu utoke kwa mshazari, kisha ushushe chini ulale kwenye ubavu mpya, anza tena kutoka ukingoni. Hapo kona inapata pembe yake yenyewe.

Mwisho ncha moja iingie ndani ya nyenzake. Geuza mkanda nyuma, ufunike ule mshono, na umalizie kwa mkono mishono midogo inayoshika bitana tu.

## Hatua ya 8: Mfuko wa kijiti

Usitundike kwilti kwa misumari miwili ya kona. Uzito wote unakwenda kona mbili, katikati panashuka, na baada ya muda kitambaa cha konani kinachanika. Inatakiwa uzito ugawanyike upana wote, na njia yake ni mfuko.

1. Kata kitambaa cha sentimita 92 kwa 20. Pinda ncha mbili fupi, kibaki na urefu wa 88.
2. Kikunje kwa urefu, shona, kiwe bomba.
3. Kiweke nyuma, sentimita 2 chini ya mkanda wa juu, katikati. Shona ukingo wa juu kwa mkono.
4. Kabla ya kushona ukingo wa chini, sukuma bomba juu kidogo liwe na tumbo upande wa ukuta. Hiyo nafasi ndiyo ya unene wa kijiti. Bila hiyo kijiti kitafura mbele na utaona mstari mnene juu ya kwilti.
5. Sindano ishike bitana na blanketi, isitokeze mbele.

Kijiti kiwe kama sentimita 100, ncha zitokeze pande mbili za kufungia kamba. Fito la mkoko linapendeza na ni la kwetu, lakini mkoko una maji mekundu yanayotia doa, ule ule ambao gome lake linatia rangi. Likaushe, lipigwe msasa na vanishi, vanishi ikauke kabisa, na bado ulizungushie kitambaa cheupe. Kama huna subira hiyo, mwambie seremala akupe kijiti cha mviringo cha mti mkavu, nacho kipake vanishi.

## Hatua ya 9: Kuitundika kwenye nyumba zetu

Nyumba ya mawe ya Lamu si ukuta wa simenti. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukigonga msumari plasta inamomonyoka na tundu linakuwa kubwa kuliko msumari, na nyumba hizi za mji wa kale ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, si za kutobolewa ovyo. Una njia nzuri zaidi juu ya kichwa chako: boriti. Funga kamba mbili imara kwenye boriti, zishuke mpaka kwenye ncha mbili za kijiti. Ukuta haujaguswa, na unaweza kuishusha wakati wowote.

Kwa nyumba ya bloku za Malindi, weka misumari miwili ya kushika ncha za kijiti, au ndoano zilizotiwa plagi za ukutani, zipimwe kwa pimamaji ili zilingane. Kuta za bloku zinapokea.

Mambo ya kuangalia popote ulipo:

Unyevu. Kuta za chokaa zinavuta maji na chumvi kutoka chini, utaona plasta imevimba na unga mweupe. Usitundike hapo. Hata kwenye ukuta mkavu acha nafasi ya sentimita 2 au 3 nyuma ya kwilti hewa ipite. Kamba za boriti zinakupa nafasi hiyo bure, kwa msumari gundisha vipande vya mbao nyuma ya ncha za kijiti.

Jua. Kiwanda (ua) cha ndani ni kizuri lakini jua la mchana linaingia moja kwa moja, nyekundu ya leso itapauka. Ukuta wa ndani zaidi, usioguswa na jua saa yoyote, ndio wake. Fanya hivi: kaa uangalie asubuhi, adhuhuri na alasiri mwanga unatua wapi, kabla ya kuchagua.

Upepo. Ukipita kati ya mlango na dirisha kwilti inapigapiga ukuta na kusagika. Shona mfuko mwembamba mwingine chini nyuma na utie ubao mwembamba, itatulia.

Moshi. Chetezo kikae mbali. Udi na ubani unaacha mafuta ya moshi kwenye kitambaa, na cheche moja inatosha.

Utajua umefaulu ukisimama mlangoni ukaona mkanda wa juu umenyooka, kingo za pembeni zinashuka sawa bila kujikunja ndani, na ukitia mkono nyuma unasikia hewa.

Kama hutaki ukutani kabisa, ikunje iweke ndani ya zidaka (shubaka za ukutani) ukingo mmoja wa viraka ukionekana, inapendeza sana kwenye chokaa nyeupe, ila ukunje upya kila mwezi mahali tofauti mikunjo isikatike. Au itupie juu ya mgongo wa kiti, au miguuni pa kitanda. Barazani usiiweke, vumbi na jua vitaimaliza.

## Kuitunza

Ishushe kila baada ya wiki chache uikung'ute nje kivulini, na uangalie nyuma kama kuna ukungu au wadudu. Kama una mbili, zipishane, moja ikae kipindi cha kusi na nyingine kaskazi, rangi zitadumu zaidi kwa kupumzika. Inayopumzika izungushe kwenye shuka jeupe la pamba kwa kuiviringisha, bila kuikunja, na usitie kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu ukifungiwa humo ukungu hauchelewi. Kasha la mbao linafaa likitandikwa shuka kwanza, mbao zenyewe zinatia doa.

Kuifua isiwe mara nyingi. Maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kupinda, ibonyeze kwa taulo na uianike ikiwa imelala juu ya kamba mbili tatu zilizo karibu karibu, moja peke yake itaivuta.

Na kiraka kikichoka baada ya miaka usifumue. Kata kingine cha 17 kutoka yale mabaki uliyoyaweka (yaweke, kwenye bahasha, pamoja na uzi wake), pinda sentimita 1 pande zote nne kwa pasi, kiweke juu ya kile kibovu na ushone kwa mkono kuzunguka, mishono midogo ya kujificha.